DALALI WA MTANDAONI: KABLA HUJAOMBA TENA KUKUBALIWA



Himidi zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wasallam), Aali zake na Swahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, leo sizungumzii talaka wala mirathi. Kwa muda sasa swali moja linanijia kila siku, na wanaoliuliza karibu wote ni vijana: "Sheikh, nimefungua tovuti, nimeomba kujiunga na programu ya afilieti, nimekataliwa. Nifanye nini nikubaliwe?" Wengine mko UDOM bado mnasoma. Wengine mmemaliza, mnakaa Chang'ombe, Nkuhungu au Ipagala mkisubiri ajira ambayo haijulikani itatoka lini. Wengine mnaandika kutoka Kondoa, Manyoni na Singida. Nimeona nijibu hapa kwa urefu, asome kila mtu.

Kwa asiyejua, jambo lenyewe liko hivi. Duka la mtandaoni linatafuta wateja. Linakupa linki yenye namba yako ndani yake, unaiweka kwenye tovuti yako. Msomaji akiibonyeza, akaenda dukani akanunua, duka linakupa asilimia fulani ya bei. Wewe hukununua mzigo, hukuusafirisha, wala hukushika pesa ya mteja. Umemleta mtu tu. Amazon ya Marekani ilianza mpango wa namna hii mwaka 1996, na leo maduka, mitandao ya kuhifadhi nafasi za hoteli na kampuni za kila aina zina mipango yao. Hapa kwetu Jumia ilikuwepo, ikafunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, ingawa kwa majirani zetu Kenya iliendelea.

Kazi hiyo ina jina kwa Kiswahili, na sisi watu wa Dodoma jina hilo tunalijua vizuri sana. Ni udalali.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji wetu ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, nani kati yetu hajakutana na dalali wa chumba au wa kiwanja? Anakutumia picha ya nyumba yenye vigae na geti jeusi. Unafika Nzuguni unaonyeshwa chumba ambacho rangi imebanduka na mlango haufungi. Anataka hela ya kuonyeshwa kabla hujaona chochote. Kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu watatu, na wote watatu wana risiti. Tunakaa barazani tunawasema. Lakini dalali mkweli naye yupo, mimi namjua mmoja, anayekwambia kabla hujatoa shilingi: "Mzee wangu, nyumba ni nzuri lakini maji hapa hayatoki kila siku, na jirani ana baa." Huyo hatangazi kokote. Watu wanapeana namba yake.

Sasa wewe unayeomba kukubaliwa, unaomba udalali. Jiulize unaomba uwe yupi kati ya hao wawili.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kazi hii kwa asili yake ni halali, na wanaowaambia vijana kwamba hela yote ya mtandaoni ni haramu wanawafungia mlango ambao Allah hakuufunga. Lakini njia nyingi mnazouziwa za "kukubaliwa haraka" ni ghushi, na ghushi haigeuki kuwa ujanja wa mjini kwa sababu anayedanganywa yuko Marekani na si Muislamu.

Tuanze na uhalali. Imam Bukhari katika Sahihi yake, ndani ya Kitabu cha Ijara, ameweka mlango mahususi kuhusu ujira wa dalali. Amewataja humo Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan kwamba hawakuona ubaya katika ujira huo. Humo humo imo kauli ya Ibn Abbas (Radhiya Allahu 'anhuma) inayoruhusu mtu kumpa mwenzake nguo amuuzie, na kitakachozidi juu ya bei waliyokubaliana kiwe cha muuzaji. Na katika Suratu Yusuf, aya ya 72, watumishi wa mfalme wa Misri waliahidi shehena ya ngamia kwa atakayekileta chombo cha mfalme kilichopotea. Wanazuoni wa fiqhi wameijenga juu ya aya hiyo hukumu ya ju'ala, yaani malipo yanayoahidiwa kwa yeyote atakayefanikisha kazi fulani. Ukimleta mnunuzi unalipwa, usipomleta hulipwi. Wapo wanazuoni walioona tatizo kwenye ujira wa asilimia kwa kuwa kiasi chake hakijulikani mwanzoni, na mjadala huo ni wa heshima, upo vitabuni. Mimi naegemea kwa wanaoruhusu, kwa sababu asilimia ikishatajwa kwenye mkataba hakuna anayemficha mwenzake kitu.

Ipo hadithi ya Qays bin Abi Gharaza (Radhiya Allahu 'anhu) ambayo wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Anasimulia kwamba zama za Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wasallam) wao walikuwa wakiitwa masamasira, yaani madalali. Mtume akapita kwao akawaita kwa jina zuri zaidi, wafanyabiashara, kisha akawaeleza kuwa biashara huingiliwa na maneno ya upuuzi na viapo, kwa hiyo waichanganye na sadaka. Hakuwafukuza sokoni. Aliwapandisha jina, na palepale akawaonyesha ugonjwa wa soko uko wapi. Uko kwenye ulimi. Na dalali wa mtandaoni hana kitu kingine isipokuwa ulimi. Mtaji wake wote ni maneno aliyoyaandika.

Haya, tuje kwenye kukataliwa.

Vijana wengi mnadhani kuna siri, kwamba kuna mtu anajua "kodi" ya kupita. Anayeikagua tovuti yako anajiuliza yale yale anayojiuliza mwenye nyumba kabla ya kumpa dalali funguo: huyu ni nani, atanileta watu gani, na je, atanichafulia jina? Anataka tovuti inayofunguka, iliyo wazi kwa kila mtu, yenye maandishi yako mwenyewe. Anataka ajue wewe ni nani na unapatikana wapi. Anataka asikute mali ya wizi.

Wewe tovuti umeifungua juzi. Ina makala mbili, kurasa nne zimeandikwa "inakuja hivi karibuni", na ukurasa wa sera ya faragha umeunakili kwa mtu bila hata kubadilisha jina. (Nimeona kwa macho yangu tovuti ya kijana wa hapa Dodoma ambayo sera yake ya faragha inasema kesi zote zitaamuliwa Toronto. Subhanallah.) Mwingine ameijaza muvi zilizotafsiriwa na nyimbo za watu, pakua bure. Ndugu yangu, hiyo kazi ya watu umeichukua bila idhini, umeianika dukani kwako, kisha unamwomba tajiri akupe uwakala! Amekukataa kwa haki. Hata angekukubali, mimi ningekwambia acha.

Na kwa kuwa tumegusa mambo ya kanuni: mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kuwa na leseni ya TCRA, na ada yake wakati huo ilikuwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Kanuni hizo zimeandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inakuhusu ukianza kukusanya barua pepe na namba za simu za wasomaji. Nenda kaulize tovuti ya aina yako inadaiwa nini, usisubiri kuitwa.

Sasa njia za mkato. Kijana mmoja alinijia msikitini baada ya swala ya Alasiri, akanionyesha kwenye simu tangazo la mtu anayeuza "akaunti iliyokwishakubaliwa" kwa laki moja na nusu. Alitaka kujua kama bei ni nzuri. Nikamuuliza jina lililo kwenye akaunti hiyo ni la nani. Hakujua. Nikamwambia: unanunua kitambulisho cha mtu usiyemjua, utakuwa unapokea hela kwa jina lake, na siku duka likitaka uthibitishe kuwa wewe ndiye, utamtoa wapi? Alicheka. Lakini namba ya muuzaji hakuifuta, niliona.

Wengine hawanunui akaunti, wanadanganya kwenye fomu. Programu haipokei watu wa Tanzania, yeye anabadilisha nchi kwa VPN na kuandika anwani ya mtu aliyeko Ohio. Programu inauliza wasomaji wako unawapata vipi, yeye ananunua wageni wa bandia, mashine tu zinazofungua kurasa usiku kucha, ili takwimu zionekane zimejaa. Wengine wanachukua makala ya Mzungu, wanaipitisha kwenye akili mnemba iigeuze maneno, wanaweka jina lao. Allah ametuamuru mwanzoni mwa Suratul Maida tutimize mikataba, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wasallam) ametufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali. Ulipobonyeza "nimekubali masharti" uliingia mkataba. Najua hukuyasoma. Kutoyasoma hakukutoi kwenye mkataba.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoangukia bila kujua.

Chukueni Amazon, kwa kuwa ndiyo mnayoitaja zaidi. Ukiomba, unapewa linki uanze kazi, lakini hujamaliza. Unatakiwa ndani ya siku 180 uwe umeleta mauzo matatu yanayokubalika. Hapo ndipo tovuti yako inakaguliwa sawasawa. Siku zikiisha bila mauzo matatu, akaunti inafungwa, ingawa unaweza kuomba upya. Kijana wa Dodoma anaandika kwa Kiswahili, wasomaji wake ni wanafunzi wenzake na watu wa Majengo sokoni. Nani kati yao anaagiza kitu Amazon? Miezi minne inapita, mauzo sifuri. Mwezi wa tano anampigia shemeji yake aliyeko nje: "Shemeji, nisaidie, nunua vitu vitatu kupitia linki yangu, hata vya bei ndogo." Au anaingia kwenye magrupu ya WhatsApp anaomba watu wanunuliane, mimi nikununulie na wewe uninunulie.

Masharti yao yanakataza mshirika kununua kupitia linki yake kwa matumizi yake, na hayataki ununuzi uliopangwa wa marafiki na jamaa. Yanakataza pia kumlipa au kumtuza mtu ili abonyeze. Wanaona. Vitu vitatu vilivyonunuliwa siku moja kwenye tovuti isiyo na wasomaji, nani haoni? Akaunti inafungwa na kamisheni inapotea, kisha kijana anakuja kwangu kulalamika kwamba Wazungu wanatubagua.

Tena mnunuzi wa kupangwa ana jina lake katika fiqhi. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wasallam) amekataza najash, nayo ni mtu kujifanya mnunuzi, akaisifu au kuipandisha bei bidhaa ilhali hana haja nayo, ili mwingine adanganyike. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Shemeji hana haja na zile bidhaa tatu. Kajifanya soko ili duka liamini una soko. Na wanaolipwa kuandika maoni mazuri chini ya bidhaa wasizozijua nao wamo humo humo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si wa dini peke yake, ni wa akili ya biashara: usiombe programu ambayo msomaji wako hawezi kununua kwao. Anza na msomaji. Unamjua nani? Unajua nini ambacho mwingine hajui?

Nitoe mfano mmoja. Kaskazini ya mji wa Kondoa, pale Kolo, kuna michoro ya kale ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ni zaidi ya miamba 150 iliyochorwa, imetawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336. Treni ya SGR imeanza kufika Dodoma Julai 2024, kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuja akaona na kurudi bila kuchoka kama zamani. Mgeni huyo anahitaji kujua: basi la Kondoa anapandia wapi, saa ngapi, mwongozaji anampata ofisi gani, alale wapi, avae viatu gani, msimu wa mvua njia ikoje, msikiti wa kuswalia njiani uko wapi. Kijana wa Kirangi aliyezaliwa Kondoa anayajua haya yote, tena hayajui mwandishi aliyeko London. Akaandika makala ishirini za namna hiyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na picha alizopiga kwa simu yake mwenyewe, kisha akaomba programu ya mtandao wa hoteli, ana kitu cha kuwaonyesha. Wakimkataa, bado makala zake zinamfaa msafiri, na ataomba kwingine. Vivyo hivyo anayejua alizeti ya Singida, nyuki wa Manyoni, pampu za maji za sola, au kuku katika joto letu hili.

Na kabla hujaomba popote, tazama utalipwa kwa njia gani na kiwango cha chini cha kulipwa ni kiasi gani. Wapo waliokusanya dola thelathini mwaka mzima, hundi inataka zifike mia.

Ushauri wa pili ni mzito zaidi. Makala nyingi za afilieti ni za kusifu bidhaa: "Pampu bora tano", "Simu niliyoitumia miezi sita". Naomba unijibu wewe na nafsi yako. Umeishika hiyo pampu? Simu hiyo umeitumia hata siku moja? Ukisema nimeitumia na hujaitumia, hiyo haiitwi maketingi. Umetoa ushahidi wa uongo. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wasallam) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa zaidi alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye kauli ya uongo na ushahidi wa uongo akakaa sawa, akairudia na kuirudia mpaka Swahaba wakatamani anyamaze. Bukhari na Muslim wameipokea. Mkulima wa Mpwapwa anauza mbuzi wawili anunue pampu kwa sababu ya maneno yako. Ikifa baada ya wiki mbili, wewe asilimia yako umeshapokea.

Kama hujaishika, sema hujaishika. Inaruhusiwa. Andika: "Sijaitumia, nimelinganisha maelezo ya kiwanda na nimewauliza wakulima wawili wanaoitumia, wamesema hivi na hivi." Na kasoro zake uzitaje. Mnakumbuka kisa cha rundo la chakula sokoni: Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wasallam) aliingiza mkono akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenye chakula kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi. Kilicholowa kiwekwe juu. Kwenye makala, hiyo ni aya ya kwanza au ya pili. Usiifiche chini kabisa kwa maandishi madogo.

Jingine la kuweka juu ni kwamba unalipwa. Amazon inamtaka kila mshirika aandike wazi kwenye tovuti kwamba anapata kamisheni, na Tume ya Biashara ya Marekani ina miongozo inayomtaka mwenye kupendekeza bidhaa aseme kama ana maslahi nayo. Inanishangaza kuona kijana wa Kiislamu anaificha sentensi hiyo kwa kuogopa wateja watakimbia, wakati sisi tumefundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Mwambie msomaji pia kwamba wewe si muuzaji: mzigo si wako, dhamana si yako, ukiharibika arudi dukani. Anajua ananunua kwa nani, na wewe unatoka kwenye kuuza usichokimiliki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mnalalamika programu nzuri zinawakataa. Mmewahi kujiuliza zipi zinawakubali mara moja? Unaomba asubuhi, mchana una linki, hawaulizi tovuti ina makala ngapi, hawaulizi wewe ni nani, na asilimia wanayokupa ni kubwa. Ni kampuni za kubeti. Wanakupa hata sehemu ya pesa anayopoteza yule uliyemleta, mwezi baada ya mwezi. Soma tena sentensi hiyo. Anavyozidi kupoteza ndivyo unavyozidi kulipwa. Kijana wa bodaboda pale Sabasaba ameweka mkeka wa elfu tano, umechanika, na sehemu ya elfu tano ile inakuja kwako. Mlango umefunguka haraka hivyo kwa sababu hawamtafuti dalali mkweli. Wanamtafuta yeyote mwenye marafiki.

Zinazofuata ni programu za mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Wengi wetu tunawajua ndugu waliotumiwa meseji za kuaibishwa kwa watu wote waliomo kwenye simu zao kwa sababu ya deni. Nani aliwapeleka kule? Mara nyingi ni linki ya rafiki.

Naletewa hoja: "Sheikh, mimi sibeti, wala sikopi kwa riba. Mimi naweka linki tu." Ndugu yangu, wewe unaishi Dodoma, mkoa wa zabibu. Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, zabibu mnaziona. Zabibu ni halali, Alhamdulillah, kuleni, kaushenii, tengenezeni juisi. Lakini unajua hadithi ya laana ya watu kumi kuhusu pombe, aliyoipokea Tirmidhi na wengineo. Miongoni mwao yumo anayeibeba, ambaye huenda hajaonja tone. Mwenye linki ni mbebaji. Na katika Suratul Maida kamari imetajwa pamoja na pombe kwenye aya moja, aya ya 90, na mwanzoni mwa sura hiyo hiyo tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Sioni mlango wa kutokea hapa, na aliyekuonyesha mlango, mwambie akuonyeshe na dalili.

Kuna pia zile zinazotaka utoe kwanza hela ya kujiunga, kisha ulipwe kwa kuleta wengine watakaotoa hela ya kujiunga. Hizo msiziite afilieti. Hakuna bidhaa hapo, bidhaa ni nyinyi. Programu ya kweli haikutozi kiingilio.

Limebaki swali aliloniuliza dada mmoja wa Singida, na nimelipenda kwa sababu linaonyesha anafikiri. Anaandika kuhusu vitabu vya watoto na vifaa vya kujifunzia. Duka analoliunga mkono ni kubwa, lina kila kitu, halali na haramu. Mteja akibonyeza linki yake ya kitabu, halafu ndani ya saa 24 akanunua kitu kingine kabisa, kamisheni inaingia kwake. Siku moja akaona kwenye ripoti kinyago cha kuabudiwa. Je, kazi yote imeharibika?

Ninavyoona mimi, haijaharibika. Yeye hakukitangaza, hakukielekeza, wala hakukijua. Alichokitangaza ni kitabu. Lakini ripoti inamwonyesha vitu vilivyonunuliwa, ingawa haimwonyeshi wanunuzi, kwa hiyo hana udhuru wa kutojua baada ya hapo. Kila mwezi aipitie ripoti, atoe kiasi kilichotokana na kitu cha haramu akipeleke kwenye maslahi ya watu, choo cha shule, tundu la maji, bila kukihesabu kuwa sadaka yake. Na achague linki za bidhaa yenyewe, asiweke bango la duka zima. Pesa iliyo kwenye ripoti asiihesabu kuwa yake mpaka imefika, maana mteja akirudisha mzigo kamisheni nayo inarudi. Na zaka anaihesabu kwenye kilichofika mkononi kikatimiza nisabu na mwaka.

Kwa waliokwisha kuweka linki za kubeti na wakapokea hela: tubuni kwa Allah, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Hela iliyobaki itoeni kama nilivyoeleza hapo juu. Lakini msiishie kwenye kuacha kuweka mpya. Linki ya zamani haifi. Umelala, umeswali Isha, umefunga Jumatatu, na bado mtu anaibonyeza. Leo kabla ya kulala fungua tovuti yako, makala moja baada ya nyingine, mpaka za mwaka juzi. Kisha nenda kwenye maelezo chini ya video zako, kwenye wasifu wako wa Instagram, kwenye ujumbe uliobandikwa juu ya grupu la WhatsApp, kwenye chaneli ya Telegram uliyoisahau. Futa. Halafu waandikie kampuni waifunge akaunti yenyewe, kwa sababu wale uliowaleta bado wamesajiliwa chini ya namba yako, na mkeka watakaoweka kesho bado utahesabiwa kwako.

Wabillahi tawfiq.